Vitambaa vya Mama Kwenye Kamba

Miaka ile ya hamsini tulikaa chumba kimoja katika makwata ya reli, nyumba za wafanyakazi, Nakuru, na kila mwezi mama alinituma nikamfulie vitambaa vyake vya hedhi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuwa mjinga. Maji niliyomwaga yalikuwa safi kama niliyochota.

Nilipomwuliza, alinifinya sikio. Damu ilikuwa imekatika tangu mwaka uliopita, akasema, na nikifungua mdomo nitamtambua. Wanawake wa makwata walianika vitambaa hivyo chini ya leso wanaume wasivione, lakini wao kwa wao walichungulia na kuhesabu. Siku kamba ya mama ingekosa vitambaa, habari zingemfikia baba jioni hiyo hiyo. Na baba, mama aliamini, angepanda treni kwenda kwetu magharibi kuleta msichana awe mke wa pili. Aliogopa hilo kuliko ugonjwa wowote. Basi nikafua vitambaa visivyochafuka, nikaanika, na ncha moja nikaiacha ionekane makusudi. Nilikuwa fundi.

Shida ilikuwa joto. Lilimpanda kutoka kifuani hadi usoni, tena Julai, Nakuru nzima imejikunyata. Alifungua mlango akajipepea kwa kifuniko cha sufuria, akisingizia pilipili. Kwetu hatukula pilipili.

Jumapili moja baba aliketi na chai yake, koti mwilini. Kazi yake ilikuwa kutia makaa kwenye injini. Alimtazama mama akijipepea, akaweka kikombe chini.

"Mama watoto, hizo vitambaa wacha kuanika. Mimi nashinda mbele ya moto, mtu akiungua namjua. Hata mama yangu alishikwa na hiyo joto, na ikaisha."

Mama akanikazia macho. Niliapa sikusema. Kisha akamwuliza baba, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama ataleta mwingine.

"Nimlaze wapi?" baba akasema. "Na vile unafungua mlango, si atakufa na baridi?"

Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nililia kwa furaha, nikajifanya ni moshi.

Mwezi uliofuata kamba yetu ilikuwa tupu mchana kutwa, na mama akaketi chini yake akimenya viazi. Jirani yetu, nyanya mwenye wajukuu saba, akatoka na vitambaa vyake vikidondosha maji safi. Mama alimtazama, akamsogezea kigoda, akamwambia aketi apumzike.