Taa Kwanza, Mtumbwi Mwisho

Saa mbili asubuhi, dagaa wameshaanikwa Mwigobero, mjini Musoma. Katika chumba cha kupanga karibu na mwalo wa kushushia samaki, Ghati Wanzagi, 26, ameweka kompyuta juu ya ndoo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Chai yake imepoa hadi imeshika utando.

Ghati huandika msimbo, yaani maelekezo yanayoendesha magemu ya simu. Hili la kuvua dagaa usiku kwa taa amemtengenezea baba yake, Mzee Wanzagi, aliyevua miaka thelathini kabla ya kurudi nyumbani Butiama. Macho ya mzee yanafifia. Anataka kumaliza safari zote saba za gemu angali anaona.

Lakini kila akifika safari ya tatu, simu inaganda.

"Baba, umezama tena?" Ghati anamuuliza kwa simu.

"Mimi sijawahi kuzama. Gemu lako ndo linazamaga!"

Safari ikiisha, gemu linapaswa kujisafisha ili simu ipate nafasi.

"Hebu nisomee unavyofunga safari," anasema mzee.

"Naondoa mtumbwi, halafu wavu, halafu taa sita."

Mzee anacheka mpaka anakohoa. "Taa zinaeleaga majini, zimefungwa kwenye mtumbwi kwa kamba. Ukiuondoa mtumbwi, zitamshika nani? Kwanza taa, halafu wavu. Mtumbwi mwisho, mwanangu."

Ghati anaitazama mistari yake ya msimbo. Amekua akipokea dagaa kwa beseni, hajawahi kuingia ziwani. Kwa aliyesimama nchi kavu, mtumbwi ndio hufika kwanza.

Na kosa lilikuwa hapo. Kila taa ilitafuta mtumbwi usiokuwepo, usafishaji ukakwama, taa zikabaki ndani ya simu bila kuonekana. Kufikia safari ya tatu zilikuwa kumi na nane, na simu ya mzee ni ndogo.

Ghati akapanga upya mistari mitatu tu.

Jumamosi yuko Butiama. Mzee amekaa uani, simu karibu iguse pua. Safari ya tatu inapita. Ya nne. Ya saba inapoisha, jua la kwenye gemu linachomoza, naye haachi kulitazama.

"Baba, nizime? Chaji inaisha."

"Acha kwanza. Niko ziwani."

Ghati anafuta miwani yake kwa upindo wa kitenge. Sasa anapanga kuzipa taa sauti, kila moja yake.

"Macho yakigoma kabisa," anasema taratibu, "azisikie ziko wapi, aziokote mwenyewe."

Kisha mtumbwi, mwisho.