Niliziba Gasketi kwa Ubani, Ngamia wa Baba Mkwe Akagoma Kukamwa

Jamani, kosa ni langu. Msimlaumu shetani, hata hakuwepo. Ilikuwa ni mimi, spana yangu na ujeuri wangu.

Mimi ni kijana wa hapa Wajir, mwenye pikapu kuukuu ninayoipenda kupita kiasi. Msichana ninayetaka kumuoa, jina lake naficha, alishanikubali. Kilichobaki ni wazee wangu kwenda malishoni kwa baba yake, mfugaji wa ngamia, wamwombe. Siku ikapangwa.

Basi nikaona haiwezekani kumfikia mkwe na gari linalokohoa. Nikaagiza heda ya spoti, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, ili nikifika nisikike. Loo! Nilisikika.

Heda ilifika kwa basi siku moja kabla ya safari, bila gasketi. Gasketi ni kile kibamba chembamba kinachokaa kati ya injini na mabomba ili moshi usitoroke. Muuza spea akaniambia, "Itakuja na basi lingine. Ngoja."

Ningoje nini! Nikaiokota ile ya zamani. Ilikuwa imebonyea na kuchanika kidogo pembeni. Nikasema hii bado ina maisha.

Mama yangu anauza ubani, ule utomvu wa kufukizia nyumba, nao unanata ajabu. Nikachukua donge, nikaliponda, nikaziba palipochanika, nikafunga heda na kukaza nati kwa nguvu zangu zote. Gari likawaka bila kuvuja moshi hata kidogo. Wallahi nilijiona injinia!

Kesho yake adeer, ndugu yake baba, akakaa mbele na wazee wengine nyuma. Tulipoacha lami injini ikapata moto, ubani nao ukaanza kuungua.

"Maashallah," adeer akavuta pumzi. "Hii gari inanukia kama nyumba ya bibi arusi."

Nikatabasamu. Mjinga mimi, nilipaswa kulia.

Mara ikaanza kupiga mluzi, kisha tik-tik-tik, kisha ngurumo. "Warya, wewe kijana, nini hiyo nabiga kelele?" adeer akauliza. "Ni sauti ya spoti, adeer," nikamjibu, jasho likinitoka.

Tulifika alasiri, saa ya kukama. Sasa, ngamia hakamwi kwa pupa. Unamleta ndama wake, unamwimbia, akitulia ndipo anaachia maziwa. Baba mkwe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, chombo kikiwa juu ya goti la mguu wa pili, anaimba taratibu.

Nikaachia pedali ya mafuta nipunguze mwendo, mabomba yakalipuka. PA! PA! PA!

Yallah! Ngamia wakatawanyika kila upande. Mzee akaenda chini na maziwa yake yote. Moshi wa ubani ukatufunika sisi wageni wa heshima.

Aliinuka ndevu zikidondoka maziwa. "Nani amefukiza ubani wa arusi hapa?" akauliza. "Mimi nimetoa binti saa ngapi?"

Adeer alikuwa amekariri hotuba nzima njia nzima. Hotuba ikabaki garini. Wazee wangu wakakunja kanzu zao na kuingia vichakani kukimbiza ngamia, na kila aliyenipita alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

Ngamia walipatikana wote, alhamdulillahi. Lakini yule jike mzuri kuliko wote, anayelisha nyumba nzima, tangu siku ile anamnyonyesha ndama wake tu. Mtu akimkaribia na chombo, anazuia maziwa. Hata maziwa ya chai hatoi!

Mzee akanipa hukumu: "Huyu nakunywesha watoto yangu. Siku ataachia masiwa mbele yako, kuja tuongee. Akikataa, baki na gari yako."

Gasketi mpya nimeshaweka, na gari halisikiki kabisa. Lakini haliruhusiwi kule. Kila alasiri naliacha mbali, natembea, nakaa mbele ya ngamia na kumwimbia. Sauti yangu ni mbaya kuliko ile ekzosi. Ananitazama, anatafuna, anageuza shingo.

Msichana aliposikia alinipigia simu, akacheka mpaka akakosa pumzi. "Kama huyo anakushinda," akasema, "mimi utaniweza?" Nilicheka naye, lakini baada ya hapo sikuweza kula. Nasikia kuna mtu mwingine amemtumia mzee salamu, mwenye gari lisilo na makuu. Naogopa, jamani. Nampenda yule msichana.

Enyi wenye magari, nawasihi. Ukifungua ekzosi, gasketi ya zamani itupe, hata ikikutazama kwa huruma. Kama mpya haijafika, safari ingoje. Wazee wangekwenda siku nyingine, na mimi leo ningekuwa mume wa mtu.

Na mkiswali, niombeeni. Msichana alishakubali, huyo mwacheni. Niombeeni kwa ngamia.