Ukuta wa Mama Kuzunguka Moto

Harufu ya maharage yanayochemka bado inanipandisha hasira. Nilikuwa na miaka saba, katika miaka ya hamsini, huko kwetu kwenye vilima vya juu ya Ilula, na ilikuwa miezi ile ya baridi ambapo ukungu hauondoki mlangoni hadi saa nne. Mafiga yetu matatu yalikaa chini, katikati ya nyumba, na sisi sote tulijibana kuyazunguka, watoto mbele kwa sababu ndio wenye kusikia baridi zaidi. Siku hiyo Mama alikuwa ameteremka bondeni kuchota maji. Nilinyanyuka kumpisha mgeni, shuka langu likanasa kwenye ukuni, chungu kikapinduka, na mchuzi wote wa maharage ukanimwagikia mkono wa kushoto.

Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwapo. Maji ya baridi yalikuwapo pia, nusu mtungi, lakini alikataza nisiguswe nayo kwa kuwa eti yangeniletea malengelenge. Akanipaka majivu na samli, akaukunja mkono na kuufunga kwa kitambaa. Kidonda kikaoza. Nililia wiki nyingi, na kilipopona, kiwiko kilikuwa kimegoma kunyooka. Watu huniambia nisimlaumu, alifanya alivyofundishwa. Mimi namlaumu, na nilimpenda.

Mwaka uliofuata mdogo wangu Tito alianza kutambaa, na kila alipowekwa chini alielekea motoni. Mama hakuomba ruhusa ya mtu. Alikanda udongo, akajenga ukuta kuyazunguka mafiga, wa kunifika mimi kifuani, akaacha upenyo mmoja wa kupikia ambao aliuziba kwa ubao kila alipoondoka. Wageni wakaanza kunung'unika kwamba miguu yao haipati joto. Shangazi akaja na jembe.

"Wifi, unawanyima watu moto? Kesho watasema nyumba ya kaka yangu ina uchoyo. Bomoa hiki kitu!"

Mama akanivuta, akausogeza mkono wangu mbele yake. "Haya, wifi. Unyooshe huu kwanza. Ukinyooka, nitabomoa mwenyewe."

Shangazi aliutazama mkono, akatoka na jembe lake. Ukuta ulibaki. Tito alijifunza kusimama kwa kuushikilia, na hana kovu hata moja la moto.

Leo mjukuu wangu anakaa Iringa mjini, nyumba ya bati yenye umeme, na jiko la mkaa analiweka chini barazani huku mwanawe akilizunguka. Nikimtembelea na kumwonya, anacheka: "Bibi, hayo mambo ya zamani." Ya zamani! Kwani siku hizi moto hauunguzi? Kabla hajaliwasha, mimi naweka ndoo ya maji ya baridi karibu, nakunja mikono ya gauni kila mtu akione kiwiko hiki, nalichukua jiko na kulipandisha juu ya meza ya saruji. Wakinuna, wanune. Mkono huu haujanyooka hadi leo, lakini kunyanyua jiko unaweza.