Msiba Usio na Maiti

Zahanati yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa watu. Huku kwetu, mbele ya Chamazi, tuliijenga wenyewe mpaka ikafika usawa wa linta, juu ya milango. Wanaume walifyatua tofali, sie wanawake tukabeba maji na mchanga, serikali ikaja kuezeka, kupaka rangi na kuingiza vitanda. Kisha ikatiwa kufuli.

Ukiweka uso kwenye kioo cha wodi ya wazazi ulikuwa unaona kitanda kimetandikwa shuka jeupe, mto upo, na saa ya ukutani inakwenda. Sijui nani aliitia betri. Hakuna mtu aliyewahi kulala pale, lakini godoro lilikuwa limebonyea katikati, kama mtu kaamka sasa hivi kwenda kunawa. Watoto walikuwaga wanacheza kila kona ya mtaa, ila siyo uwanja ule. Hakuna aliyewakataza.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alijifungulia kwenye bajaji, njiani kwenda hospitali kubwa, foleni imefunga mbele na nyuma. Mtoto hakulia. Baada ya hapo ndiyo kikundi chetu cha wanawake kikaanza kuuliza maswali. Alikuja binti mmoja wa shirika, msomi, mwenye adabu, akatufundisha kwamba mkutano wa mtaa ni wetu na mtendaji anatakiwa atujibu mbele za watu. Tukauliza. Mtendaji wa mtaa alikuwa kijana mwepesi wa shikamoo, ila jibu lake lilikuwa lile lile: "Suala lipo kwenye mchakato, bibi." Tulipouliza sana akaacha kuja mikutanoni.

Wakati huo mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe tangu anyonye, alikuwa mjamzito na tumbo limeshashuka. Presha ilikuwa inampanda, miguu imevimba. Daktari alimwambia asikae mbali na nesi. Nesi wa karibu alikuwa huko huko ilikokwenda ile bajaji. Kwa hiyo mie hesabu yangu ilikuwa fupi: mlango ule ufunguliwe kabla ya siku yake, au na yeye apande bajaji.

Mwenyekiti wa kikundi, muuza maandazi, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, ndiye aliyelitoa wazo.

"Mtendaji tukimwita mkutanoni haji. Msibani anakuja. Mmeshaona kiongozi asiyekuja msibani?"

"Mama, hiyo haimo kwenye mwongozo wetu," binti wa shirika akasema.

"Na maiti mtaitoa wapi?" nikauliza mie.

"Hatuhitaji maiti. Tunafunga turubai, tunatandika mikeka, tunakaa."

Nilimkatalia. Nilimwambia ukitandika mkeka wa msiba umefungua njia, na kitu kitakuja kuukalia. Huo ni uchuro, na mie nina mjamzito ndani.

"Bibi, kitu kimeshaanza kuja. Muulize jirani yako."

Nikaenda kutafuta mikeka.

Asubuhi turubai likafungwa mbele ya mlango wa zahanati, viti vya plastiki vikapangwa upande wa wanaume. Hatukumdanganya mtu. Tulikaa tu, tumejifunika kanga, tumenyamaza. Mjukuu wangu nikaja naye, nisingeweza kumwacha peke yake. Alikaa pembeni ameegemea ukuta, hakuzungumza na mie.

Bodaboda wakipita wakawa wanazima muziki. Wanaume wakaanza kuingia na kukaa. Nikawasikia.

"Nani kafariki?"

"Hata sijui, nimeona turubai."

"Wa kusoma au wa kusali?"

"Nawaona wazee wa madrasa, basi atakuwa wa kusoma."

Lakini kina mama wa kwaya nao walikuwa wameshaingia na sare zao, kila upande ukidhani marehemu ni wa kwao. Akaja mwanamke nisiyemjua, akajitupa kwenye mkeka na kuangua kilio.

"Jamani, alikuwa mpole! Hakuwa na neno na mtu!"

Muuza maandazi akaninong'oneza, "Anamlilia nani huyu?"

"Muulize."

"Muulize wewe."

Hatukumuuliza. Alilia mpaka akamaliza, akafuta uso, akala ubwabwa, akaaga vizuri. Nimekaa mtaa huu miaka mingi, watu wote nawajua. Yule sikuwahi kumwona kabla, na sijamwona tena.

Haukupita muda wakaja vijana wa mtaa na majembe begani.

"Shikamoo, bibi. Kaburi tunachimba wapi?"

Nikamtazama mjukuu wangu, amefumba macho.

"Kaeni kwanza," nikawaambia. Wakakaa, majembe katikati ya magoti, na udongo wa kaburi jingine bado umeshika kwenye chuma.

Mtendaji alifika baada ya adhuhuri, kofia kichwani, uso ameshauandaa.

"Shikamoo, bibi. Poleni sana."

"Marahaba. Tumeshapoa."

"Marehemu ni nani?"

"Bado."

"Bado nini, bibi?"

"Bado hajafa."

Akacheka kidogo. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaanza kutupitishia macho mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta kuku wake kwenye kundi la wenzake, mpaka akafika kwenye tumbo la mjukuu wangu. Hapo macho yakagoma kuendelea. Mjukuu akavuta kanga akajifunika.

"Bibi, huu ni uchuro."

"Ndiyo. Na tumeukalia. Umekuja kutoa pole, toa. Ukimaliza, tuambie nesi anakuja lini."

Kule kwenye viti walishaanza kuelewa. "Jibu, mheshimiwa!" mmoja akapaza sauti. Kijana mwenye jembe akasema taratibu, "Au tuchimbe?"

Mtendaji alisimama akajibu, na siku hiyo neno mchakato halikutoka. Alisema nesi alishapangwa, akaja, akakuta hana nyumba ya kukaa, akarudi alikotoka. Binti wa shirika alimwomba arudie taratibu, akamrekodi kwa simu, naye akarudia. Muuza maandazi akasema chumba anacho, cha mwanawe aliyehamia Mbagala, nesi aje kesho. Mtendaji akapiga simu pale pale, sauti ya juu, sote tukisikia.

Nesi alikuja. Mlango ulipofunguliwa ilitoka harufu ya rangi, na ndani yake harufu ya chumba alicholala mtu dirisha limefungwa. Tukapakosha kwa sabuni mpaka mikono ikachubuka.

Turubai hatukulianua. Msiba huanuliwa ukishaisha, na wetu tulikuwa hatujui umeisha au ndiyo unaanza.

Uchungu ulimshika mjukuu saa nane mchana, jua kali. Nilimleta kwa miguu. Alipofika kwenye kamba ya turubai akasimama.

"Sipiti hapo chini, bibi. Wananisubiri mie."

"Pita."

"Waambie watoke."

"Pita, mjukuu wangu. Mlango ndiyo huo mmoja."

Nilimshika mkono akapita, na wanawake kwenye mikeka wakainamisha vichwa ili wasimwangalie. Nesi akamchukua, mie nikabaki nje. Viti vikajaa. Safari hii hakuna aliyeuliza ni nani, wote walikuwa wanamjua, na hicho ndicho kilichonikausha mate. Vijana walikuja pia. Mmoja alikuwa na jembe. Sijui kama alikuwa anatoka shamba, na sikutaka kujua.

Presha ilipanda. Nilisikia nesi anamwambia avute pumzi, halafu kimya kikawa kirefu. Kisha mtoto akalia.

Mama mmoja wa mkekani, kwa mazoea, naye akaangua kilio, wenzake wakakipokea, uwanja mzima ukalia. Nikaukimbilia mlango. Nesi akatokeza mlangoni amekasirika.

"Nyie! Mnamlilia nani? Mama mzima, mtoto mzima!"

Kesho yake mtendaji alikuja na kreti ya soda. Alinikuta nafungua kamba ya turubai.

"Vizuri, bibi. Anueni, mtaa upumue sasa."

"Nesi anabaki?"

Akakuna shingo. "Huyu tumemwazima tu kituo kingine. Tutaona."

Nikaifunga kamba upya, nikaikaza kwa fundo la pili.

Turubai lipo mpaka leo, limepauka kwa jua, na nesi naye yupo. Tunakaa kwa zamu. Wapita njia wanapunguza sauti, wageni wanaingia kutoa pole. Mjukuu wangu akileta mwanawe kliniki anazunguka nyuma ya jengo, kwenye magugu, ili asipite chini yake. Juzi alisimama kwa mbali, mtoto mgongoni.

"Bibi, mtakaa hapo mpaka mumpate wa kumzika."

Nilimwambia asimweke mtoto juani, akaondoka. Nikasogeza miguu, mwenzangu wa zamu apate pa kukaa.