Siku Mama Mkwe Alipofagia Kiwanja cha Ndege

Miaka ya hamsini nilikuwa mtunza kiwanja cha ndege nje kidogo ya mji wa Iringa, na ukitaka kunitia wazimu, niambie nyasi zangu ni uchafu. Rubani mwenyewe ndiye aliyenifundisha. "Udongo mtupu unanidanganya," alisema. "Sijui niko juu futi thelathini au tatu. Nikiona nyasi na mawe, najua." Ndiyo maana kingo zote mbili niliziachia mashungi ya nyasi, na kati yake mawe ya ukubwa wa debe, yamepakwa chokaa.

Siku ile mke wangu alikuwa anarudishwa kwa ndege kutoka hospitali Mbeya. Alikuwa amepasuliwa, na lori lingemfumua mishono. Nilikwenda mjini kuchukua chokaa, saa moja tu. Niliporudi nilikuta kiwanja kinang'aa kama ua wa harusi! Mama mkwe na wanawake wanane, fagio mkononi, nyasi wameng'oa, mawe yangu wameyarundika pembeni. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawa walitenda wakakaa kungoja shukrani.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini kwetu mtu hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Hata kumtazama ni aibu. Nikaugeukia mlingoti wenye mfuko wa kuonyesha upepo.

"Mlingoti, nani kawatuma hawa?"

"Mlingoti," akajibu mama mkwe, kanipa mgongo, "mwambie mkwe wangu, mgonjwa hapokelewi maguguni."

Ndege ikatokea. Ikashuka, ikasitasita, ikanguruma na kupaa tena. Mke wangu yumo mle, na mimi nabishana na mti! Uvumilivu ukanishinda. Nikamkazia macho mama mkwe, nikafoka, "Mama, kaa chini! Pale nje ya ukingo! Na wenzako, huku wanne, kule wanne, asiinuke mtu!"

Wakaketi. Kimo cha mtu aliyeketi rubani alikijua. Safari hii alishuka bila kusita, magurudumu yakagusa ardhi taratibu.

Mke wangu akateremka, kashika tumbo. Wanawake wakainuka kwa vigelegele, wote isipokuwa mama mkwe. Alibaki vumbini, hatua kumi kutoka kwa binti yake, kaugeukia mlingoti.

"Mlingoti," akasema, "muulize mkwe wangu kama sasa naruhusiwa kumshika mwanangu."