Mwalimu wa Bure

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nilianza kwa kuokota vyuma chakavu Nyamasaria, darasa la tano sikumaliza, na leo nina duka la mabati la milango mitatu. Ndiyo maana msikitini walinifanya mwenyekiti wa kamati ya madrasa.

Mwaka jana akaja mwalimu aliyesema atafundisha bila mshahara. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Mwenyekiti, tumwombe barua ya alikotoka, tuone na vitabu vyake."

"Mzee, mtu anafundisha Kurani bure, wewe unataka kumpekua kama polisi?"

Wakacheka. Mwezi mzima nilijisifu.

Baada ya Idi nikampeleka binti yangu wa miaka tisa Ahero kwa mama yangu, bibi yake, anayemwita Dani. Mama ni Mkristo. Mimi nilisilimu nikiwa kijana. Tangu hapo ameniwekea sufuria ya peke yake, yenye uzi mwekundu kwenye mkono, na kuku nachinja mwenyewe. Nikachinja, akapika. Mtoto akasukuma sahani.

"Mwalimu amesema chakula cha nyumba ya kafiri ni haramu."

"Kafiri ni nani?" mama akauliza.

Mtoto akainama. Mama akamwaga mchuzi, akaisugua sufuria kwa majivu, akaisuuza, akaanza kupika tena.

"Mama, wacha."

"Labda sikuosha vizuri."

Wiki nzima nilijiuliza dukani. Mama ana ugonjwa wa moyo. Je, angekufa na neno hilo? Na wale watoto wengine, walibeba nini kupeleka kwao?

Nikapeleka daftari la binti kwa yule mzee niliyemcheka, maana Kiarabu mimi nimekariri tu. Akasoma, akalifunga.

"Aya inayohalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, Wakristo kama mama yako, imo ndani ya Kurani. Huyu ameiruka."

Kamati ikamwita mwalimu. Barua hakuwa nayo, akaondoka. Tukaajiri mwalimu mwanamke, mzaliwa wa mji huu, na masomo yake tunayapitia kila mwezi. Mshahara wa miezi mitatu ya kwanza, wakasema, alipe mwenyekiti.

Juzi tulirudi Ahero. Ile sufuria mama alikuwa akinyweshea kuku maji, ikabidi ninunue nyingine. Binti akala vipande viwili, mama akiufuata mkono wake kwa macho mpaka mdomoni.

"Chumvi imetosha?"

"Imetosha, Dani."

Mshahara elfu hamsini na mbili mia tano, sufuria elfu moja mia nane. Jumla shilingi elfu hamsini na nne, mia tatu.