Risasi Alizojaza Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia karibu na Konde, baruti ilikuwa kitu cha nyumbani kama chumvi. Ukipita barazani baada ya alasiri ulikuta wazee wamekaa mkekani, wanajaza upya maganda ya shaba ya risasi zilizokwisha kupigwa. Harufu yake, kama ya kiberiti kilichozimwa sasa hivi, iliganda kwenye kanzu zao. Moto wa jikoni ulizimwa kwanza, na sisi watoto tukafukuzwa tukacheze nage.

Adui alikuwa nguruwe. Akitoka msituni alfajiri, shamba la muhogo hubaki mashimo matupu. Baba alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja, na risasi zake alizijaza mwenyewe. Hakuamini mkono wa mtu mwengine. Baruti ikipungua, nguruwe anakimbia. Ikizidi, mtutu unampasukia mpigaji usoni.

Mwaka ambao mikarafuu haikuzaa, pesa ya mchele hatukuwa nayo, muhogo ndio uliokuwa chakula chetu, na mwaka huo huo Baba akaugua homa. Ilipomtoka ilimwachia mikono inayotetemeka. Kila alipopima baruti ilimwagika mkekani, na nguruwe walikwishamaliza nusu ya shamba.

Mama alikuwa kando anashona kofia. Akaweka sindano chini. Dada yangu mkubwa anaitwa Time, basi Mama akasema, "Baba Time, hebu n'pa mie."

"Hii si kofia, Mama Time."

"Najua. Nakutazama miaka yote hii."

Baba akamsogezea mkebe wa baruti. Mama akapachika fataki, kile kidude kinachowasha baruti, kwenye kitako cha ganda, akamimina baruti kwa kikombe kidogo cha bati, akaisawazisha kwa ukucha. Akatia makumbi ya nazi yaliyotwangwa, akashindilia kwa kijiti taratibu. Yakafuata marisau, zile punje ndogo za risasi, kisha kifuniko cha karatasi ngumu, na nta ya nyuki juu yake. Baba alisema neno moja tu: "Usikaze sana."

Risasi ya kwanza ilibidi ijaribiwe. Nyuma ya nyumba, Baba aliuelekeza mtutu kwenye shina la mgomba, akamwambia Mama arudi kwa watoto. Mama hakuondoka. Alisimama begani kwake, akamshika kiwiko kisitetemeke.

"Ikipasuka itakuumiza na weye," Baba akasema.

"Mie ndo n'loijaza. Piga."

Time alinifinya mkono mpaka ukaniuma. Mlio ulipotoka, moshi mweupe uliwafunika wote wawili, tusione kitu. Kisha tukamsikia Mama anakohoa na Baba anacheka. Mgomba ulikuwa umelala chini.

Wiki ile ile Baba, mtutu kauegemeza kwenye panda ya mti, alipata dume kubwa la nguruwe. Wanaume walimfunga kamba, wakamburura mpaka kwenye shimo la kumfukia bila ya kumgusa najisi yule hata kwa ncha ya kidole, kila mmoja akimhimiza mwenzake avute. Muhogo uliobaki tuliula mpaka mvua za vuli.

Toka hapo kujaza risasi ikawa kazi ya Mama, hata Baba alipopona. Baadaye bunduki za watu zikakusanywa na serikali, na maganda tukayachezea mpaka yakapotea.

Nikiwahadithia wajukuu zangu, huniuliza kwa nini hatukununua tu mkate. Nawaona wao siku hizi, mume na mke kila mmoja simu yake ina namba ya siri, na usiku simu zenyewe hulazwa kifudifudi. Siwalaumu, ndiyo dunia yao. Lakini mimi nimelelewa na mwanamume aliyeegemeza shavu lake kwenye bunduki iliyojazwa na mkewe, na mwanamke aliyekataa kusogea.